Barua Inayotoka kwa Jina Lako

Barua ya kazi isiyomfikia mwenyewe ni ahadi iliyovunjwa, na mara nyingi aliyeivunja hana habari. Mgeni ameuliza bei, umemjibu saa ile ile, umeweka salamu na picha za mlima. Kumbe jibu lako limetupwa kwenye barua taka na yeye ameshakuhesabu miongoni mwa watu wasiojali. Hakulalamikii wala haulizi mara ya pili. Anakwenda kwa mwingine. Nawaandikia leo wote wanaotafuta riziki kwa tovuti, kuanzia mjini Arusha hadi Oldonyo Sambu, pamoja na vijana wanaowatengenezea tovuti hizo, kwa sababu kuna jambo mmeliita la ufundi mkaliweka kando, nami naliona ni la uaminifu. Tovuti yako inatuma barua kwa jina lako. Ni juu yako kuhakikisha kwamba zinafika, na kwamba asiye wewe hawezi kuzituma.

Barabara ya Namanga ikishaiacha Ngaramtoni hupanda ikizunguka Mlima Meru kwa upande wa kaskazini-magharibi, ikafika Oldonyo Sambu kabla ya kuteremkia nyika ya Longido. Watu wa huku ni Waarusha na Wamaasai, wafugaji na wakulima. Lakini ukanda mzima huu, kutoka Tengeru hadi Namanga, umejaa shughuli zinazoishi kwa barua: kambi ndogo za wageni, vikundi vya kina mama vya shanga, shule na vituo vya watoto vyenye marafiki ng'ambo, vijana wanaoongoza matembezi. Mteja wao hapiti njiani. Yuko Munich au Toronto, hajawahi kuwaona, ukoo wao haujui, na kabla hajapanda ndege hana cha kuwapimia isipokuwa maandishi. Muuza viazi wa soko la Kilombero akikosea, mteja humrudia kesho yake wakaelewana. Mama wa shanga akipotelewa na barua moja, hakuna kesho yake.

Tatizo lilianza mbali. Kanuni inayosafirisha barua pepe duniani, SMTP, iliandikwa mwaka 1982 na Jon Postel, Mmarekani mmoja wa wale walioilea intaneti ilipokuwa changa. Siku hizo waliokuwa mtandaoni ni vyuo na watafiti, wengi wakifahamiana, na hakuna aliyeona haja ya kumtaka mleta barua ajitambulishe. Kanuni ile ilimruhusu mtumaji kuandika jina lolote mahali pa mtumaji, na seva inayopokea ikaamini. Msingi huo haujabadilika. Mtu asiyekujua, akiwa popote, anaweza leo kutuma barua yenye anwani ya ofisi yako bila kuiba nywila yako na bila kugusa kompyuta yako, maadamu hujaweka kizuizi.

Watanzania tunalifahamu jambo hili kwa upande wa simu. Nani hajapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? Utapeli ulipozidi, ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019, na Januari 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa. Mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ikatoa namba 15040 ya kuripotia matapeli. Watu walipanga foleni kwenye ofisi za vitambulisho vya taifa, NIDA, tangu alfajiri, wakanung'unika, lakini walielewa sababu. Kwenye barua pepe hakuna serikali itakayokupanga foleni. Mwenye domeini, yaani jina la tovuti, ndiye anayetakiwa ajitambulishe mwenyewe bila kushurutishwa, na ndiyo maana naliweka jambo hili kwenye mwenendo wa mtu kabla sijaliweka kwenye kompyuta.

Kinga ziko tatu, na zilikuja kwa nyakati tofauti. SPF ilichapishwa kama kanuni mwaka 2006. Ni tangazo unaloliweka kwenye DNS ya domeini yako, mahali ambapo dunia nzima inaweza kusoma, likitaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lako. DKIM ikafuata mwaka 2007. Hii ni saini ya kihesabu: ufunguo wa siri unakaa kwenye seva inayotuma, ufunguo wa hadharani unakaa kwenye DNS, na barua ikichezewa njiani saini inakataa. DMARC ilitangazwa mwaka 2012 na makampuni yaliyochoshwa na wizi wa majina, PayPal na Google wakiwemo, ikachapishwa mwaka 2015. Yenyewe ni agizo lako kwa wapokeaji wote: barua inayodai kutoka kwangu ikishindwa vipimo, fanyeni hivi.

Mfugaji wa Oldonyo Sambu hahitaji kuelezwa mantiki ya haya. Ng'ombe wa ukoo ana chapa yake ya moto na mkato wake wa sikio. SPF ni kuwatajia watu wa mnadani majina ya vijana wanaoswaga ng'ombe wako. DKIM ni ile chapa ubavuni. DMARC ni neno ulilowaachia kwamba akiletwa ng'ombe anayesemwa ni wa kwenu, naye hana chapa yenu wala kijana wenu, asiuzwe. Na kama mnadani, mlinzi mmoja hatoshi. SPF peke yake inakagua anwani iliyo juu ya bahasha, ambayo msomaji haioni kamwe. Tapeli anaweza kupita kipimo hicho kwa domeini yake mwenyewe, halafu ndani, pale macho ya mgeni yanapotua, akaandika jina lako. DMARC ndiyo inayodai jina linaloonekana lilingane na jina lililothibitishwa. Fundi akikuambia "nimeshaweka SPF, tumemaliza", hajamaliza.

Kwa miaka mingi haya yalikuwa ya hiari. Oktoba 2023 Google na Yahoo walitangaza kwamba kuanzia Februari 2024 watumaji wa barua nyingi, ambao kwa Google ni kuanzia barua 5,000 kwa siku, lazima wawe na zote tatu. Microsoft wakafuata Mei 2025 kwa wanaoandikia Outlook kwa wingi namna hiyo. Hapo wenyeji wangu wengi wakapumua: sisi tunatuma barua kumi kwa wiki, hayo ni ya wakubwa. Sivyo. Tangazo lile lile la Google lilimtaka kila mtumaji, hata wa barua moja, awe na SPF au DKIM. Barua isiyothibitishwa ikibahatika kupita Gmail, huwekewa alama ya kuuliza pale panapokaa picha ya mtumaji. Mgeni anayetaka kukutumia malipo ya awali anaiona alama hiyo kabla hajasoma salamu zako. Wala kinga zenyewe hazilipiwi: kuandika matangazo hayo matatu kwenye DNS hakuna ada, ni kazi isiyomaliza siku kwa anayeijua. Kisingizio cha udogo sikikubali. Aliye mdogo ndiye asiye na jina kubwa la kumtetea barua zake zinapotiliwa shaka.

Sasa nije kwenye kosa ambalo ndilo lililonisukuma kuandika, nalo limejaa kwenye tovuti za watu wema kabisa. Ni ile fomu ya "Wasiliana nasi". Mgeni anaandika jina lake, anwani yake na swali lake, kisha anabonyeza. Tovuti inageuza maneno yake kuwa barua na kukutumia wewe. Mafundi wengi, ili kukurahisishia kazi ya kujibu, huipanga fomu iandike anwani ya mgeni mahali pa mtumaji. Itazame barua hiyo kwa karibu, tuseme mgeni anatumia Yahoo. Imetengenezwa na seva iliyokodiwa kwa bei nafuu, isiyo na uhusiano wowote na Yahoo, lakini juu yake pameandikwa kwamba imetoka kwa fulani wa Yahoo. Seva yako imetia saini ya mtu mwingine. Nia ilikuwa kukusaidia, na mgeni mwenyewe hakudhurika, ila kitendo ni kile kile anachokifanya tapeli, na mitambo inayopokea haina namna ya kutofautisha nia.

Matokeo yake ni haya. Tangu Aprili 2014 Yahoo wana agizo la DMARC linalosema barua inayodai kutoka yahoo.com bila kutoka kwao ikataliwe. Kwa hiyo mgeni mwenye anwani ya Yahoo akijaza fomu yako, barua inakufa mlangoni. Haiendi hata kwenye barua taka. Wakati huo huo, kwenye kioo cha mgeni, tovuti yako imeandika: "Asante, tumepokea ujumbe wako." Hakuna aliyepokea. Uongo wa kwanza umezaa wa pili, na wa pili umesemwa kwa mtu aliyekuja kwako kwa heshima. Anasubiri siku tatu, wiki, kisha anaamua kwamba Waafrika hawajibu barua. Umewapaka matope na wenzako ambao hawakuwa na fomu mbovu.

Marekebisho yake ni mepesi mno kulinganisha na madhara. Mahali pa mtumaji pawe na anwani ya domeini yako mwenyewe, tuseme tovuti@jinalako.co.tz, iliyo na ruhusa na saini zote. Mahali pa "jibu kwa" ndipo pawekwe anwani ya mgeni. Ukibonyeza kujibu, jibu linamwendea yeye kama ulivyotaka, na kila mtu kwenye mnyororo huo amesema ukweli kuhusu nafsi yake. Kisha weka nakala ya kila ujumbe ndani ya tovuti yenyewe, ili barua ikipotea maneno ya mgeni yasipotee nayo. Na lile neno la shukrani lisiseme zaidi ya linachokijua: ujumbe wako umetumwa, usipopata jibu kwa siku mbili, tupigie au tuandikie WhatsApp kwa namba hii.

Ipo pia njia ya mkato ambayo tovuti nyingi za WordPress huachiwa nayo. Mtambo unasukuma barua moja kwa moja kutoka kwenye seva ya tovuti, bila kuingia popote kwa nywila, ukijiita wordpress@ na jina la tovuti mbele yake. Seva hizo mara nyingi ni za pamoja, zikibeba tovuti nyingi kwa anwani moja ya IP. Jirani yako mmoja akitumia seva hiyo kurusha barua za dawa bandia, anwani inaingia kwenye orodha za kuzuia, kama zile za Spamhaus, na milango inafungwa kwenu nyote. Afadhali barua za tovuti zipitie huduma maalumu ya kutuma, kwa kuingia na nywila, kwenye mlango wa 587 au 465, huduma inayotia saini ya DKIM kwa jina lako wewe. Fundi anayekuambia "mbona inatuma tu" amepima upande mmoja. Kutuma ni nusu ya kazi.

Tuseme mwenyekiti wa kikundi cha shanga amekabidhiwa tovuti na kijana aliyemtengenezea, anayemwita yeyo, yaani mama.

"Yeyo, tovuti iko hewani. Kila kitu kiko sawa."

"Ahsante, mwanangu. Mteja akiniandikia, nitaipata?"

"Itaingia moja kwa moja kwenye simu yako."

"Nami nikimjibu, atajuaje kuwa ni mimi, si mtu mwingine anayejiita mimi?"

Swali hilo la mwisho linamzidi uzito kijana aliyesoma kozi tatu za kutengeneza tovuti, na mama hajui DNS ni kitu gani. Lakini amegusa penyewe. Kijana mwungwana hatamjibu "hayo ya kitaalamu, yeyo, we usijali." Atakaa naye, atume barua kutoka kwenye tovuti hadi Gmail, abonyeze zile nukta tatu pembeni ya barua, afungue barua asilia. Juu kabisa patatokea mistari ya SPF, DKIM na DMARC, na mbele ya kila mmoja neno PASS au FAIL. Amwonyeshe kwa kidole. Kisha atume nyingine Outlook na nyingine Yahoo, maana kupita mlango mmoja hakumaanishi umepita yote. Mama asiyejua maana ya herufi hizo ataielewa picha ya PASS tatu, na mwakani akiona FAIL atajua pa kuanzia kuuliza.

Kwa kuwa nimewataja mafundi, niongeze mawili ya kazini. Domeini moja hubeba tangazo moja la SPF. Fundi wa kwanza ameweka la kwake, wa pili akaja na huduma ya jarida akaongeza la pili bila kuangalia. Yakiwa mawili, wapokeaji huyahesabu yote batili, na mwenye tovuti anabaki mtupu huku akiamini amevaa nguo mbili. Unganisha, na uangalie usizidishe mara 10 ambazo mpokeaji anaruhusiwa kuulizauliza DNS kwa ajili ya tangazo hilo. Pili, ufunguo wa DKIM uwe wa biti 2048 pale huduma inaporuhusu. Kuna mafundi wanaoyajua haya vizuri na hawayafanyi kwa sababu mteja hawezi kuyakagua. Hiyo naiita kwa jina lake: ni wizi wa kazi.

Nimezungumzia sana barua kufika. Upande wa pili ni wizi wenyewe, na Arusha pana sababu ya kuuogopa kuliko miji mingi. Safari ya Serengeti na Ngorongoro hulipiwa sehemu mapema, kwa dola, kwa benki, na mtu aliye bara jingine. Tapeli anachohitaji ni barua moja yenye jina la kampuni: akaunti yetu imebadilika, tafadhali tuma malipo ya awali kwenye hii mpya. Mgeni anatuma, anafika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na mabegi yake, hakuna gari. Udanganyifu wa aina hii, unaowalenga wafanyabiashara kupitia barua pepe, uliripotiwa kwa FBI ya Marekani mwaka 2023 kuwa umekula karibu dola bilioni 2.9 kwa mwaka huo mmoja. Sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtia hatiani anayejifanya mtu mwingine kwenye kompyuta, lakini ukimtafuta mwizi aliye nchi nyingine utachoka kabla yake. Anayemwacha mgeni alizwe kwa jina lake, wakati kizuizi kilikuwepo bila malipo, asiseme yeye pia ni mhanga na kuishia hapo. Ana sehemu yake.

Hata hivyo nisiwadanganye kuhusu kinga zenyewe. Zinathibitisha barua imetoka wapi. Hazithibitishi kwamba kilichoandikwa ni kweli. Tapeli akinunua domeini inayofanana na yako kwa kubadili herufi moja, ataiwekea SPF, DKIM na DMARC zake, na zote zitapita. Akiiba nywila ya mhasibu wako, ataandika kutoka ndani ya nyumba yako na kila saini itakuwa halali. Kwa hiyo yapo mambo ambayo hakuna DNS itakayokufanyia. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye kila sanduku la barua la ofisi, kuanzia la mkurugenzi, ambaye kwa kawaida ndiye mzembe zaidi. Andika kwenye kila ankara, tangu ya kwanza, kwamba kampuni haibadilishi akaunti ya benki kwa barua pepe, na kwamba mgeni akiambiwa vinginevyo apige simu kwa namba aliyoipata mwanzo. Na ikitokea umeingiliwa, waandikie wageni wote siku hiyo hiyo. Najua inavyouma. Msimu uko mbele, unaogopa watakimbia, unajiambia utalimaliza kimyakimya. Kila siku ya ukimya wako ni siku moja ya ziada ya mwizi kukusanya hela za watu waliokuamini. Mficha uchi hazai.

Nikirudi kwenye kinga zile, agizo la DMARC lina ngazi tatu: p=none, ambapo unatazama tu; p=quarantine, ambapo barua za mashaka zinatupwa kwenye barua taka; na p=reject, zinakataliwa. Hapa nawasihi watu wa haraka. Nimeshasikia mtu akisema aliweka kukataa tangu siku ya kwanza ili awe salama, na ankara za mfumo wake wa hesabu, ambazo alisahau kuzitaja kwenye SPF, zikawa hazifiki kwa mteja hata mmoja. Anza kwa kutazama. Wapokeaji wakubwa watakutumia taarifa, kwa kawaida kila siku, zinazoonyesha ni seva zipi zimetuma barua kwa jina lako. Zimeandikwa kwa lugha ya mashine, lakini zipo huduma zinazozigeuza kuwa jedwali. Humo utakutana na mtambo wa kuweka nafasi uliousahau, na jarida alilolianzisha mfanyakazi aliyekwisha ondoka. Utakutana pia na seva za nchi ambazo hujawahi kuzifikiria, zikituma kwa jina lako. Wape wa kwenu saini, mmoja mmoja, kisha panda ngazi. Mwenye subira anafika kwenye kukataa baada ya wiki kadhaa bila kumpoteza mteja. Wapo pia wa kinyume chake, walioweka kutazama wakalala hapo mwaka wa tatu sasa, taarifa zikimiminika kwenye sanduku asilolifungua mtu. Kuona mwizi na kumwandika daftarini si kulinda.

Kuhusu majarida, nitasema kidogo. Kila Juni yanapofanyika maonyesho ya utalii ya Karibu-Kilifair, watu hukusanya kadi za biashara kwa mamia, na wiki inayofuata anwani zote zinaingizwa kwenye orodha bila mtu kuulizwa. Wengine hunakili kitabu cha wageni. Mtu aliyekupa anwani ili umjibu bei ya usiku mmoja hakukupa ruhusa ya kumwandikia kila mwezi hadi kufa kwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inadai taarifa za mtu zitumike kwa lile alilokubali. Google nao wana kipimo chao: wapokeaji 3 katika 1,000 wakibonyeza kwamba barua yako ni taka, jina lako linaharibika, na likishaharibika hata zile barua za lazima, za ankara na za tiketi, zinaanza kupotea. Omba ruhusa, weka njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja, na anayejiondoa usimrudishe kwa mlango wa nyuma.

Linalobaki ni kati ya mwenye tovuti na fundi wake, nalo limewatenganisha watu wengi waliokuwa wakiheshimiana. Domeini ya .co.tz husajiliwa kwa jina la mtu au taasisi. Mara nyingi fundi huisajili kwa jina lake kwa sababu ndiye aliyekuwa na kadi ya benki siku ile, na hana ubaya wowote moyoni. Miaka miwili baadaye amepata kazi Dar es Salaam au Dubai, namba imebadilika, na kikundi kizima kinajikuta hakina funguo za nyumba yake. Hawawezi kugusa DNS, hawawezi kuongeza saini, hawawezi hata kuhamia kwingine. Kijana wangu, ulilipwa kuijenga, hukupewa uimiliki. Andika kwa jina la mwenyewe tangu siku ya kwanza, hata kama kufanya hivyo kunakulazimu kurudi Oldonyo Sambu kuchukua nakala ya cheti cha usajili wa kikundi. Nawe mwenye mali, mlipe fundi kwa kazi hii ya kuthibitisha barua kama kazi kamili. Ukimlazimisha aifanye bure kwa sababu haionekani kwenye kioo, usishangae akiifanya isionekane kabisa.

Siku ya kukabidhiana kuwe na karatasi moja. Iandikwe domeini imesajiliwa kwa nani na inaisha lini, DNS inasimamiwa wapi, huduma gani zina ruhusa ya kutuma barua, agizo la DMARC liko ngazi ipi na taarifa zake zinaingia sanduku gani. Nywila zisiandikwe humo. Zikabidhiwe mkono kwa mkono kwa mtu aliyechaguliwa na kikundi, na zibadilishwe mbele ya fundi kabla hajaondoka. Karatasi ikae pamoja na katiba na daftari la benki. Na anwani ya kupokea ilani za kuhuisha domeini isiwe ya domeini hiyo hiyo, kwa sababu ikishafungwa, ilani ya kwamba imefungwa haitakuwa na mahali pa kuingia. Iwe ya mweka hazina, na ya pili iwe ya katibu.